Wagonjwa Ambao Hawakufika

Jumatatu, 3 Machi
Joto tena! Saa nne tu na bati la zahanati linalia. Muuguzi wetu, Mama Raba, kaingia na raba zake zimejaa vumbi — katoka kuzunguka nyumba kumi na moja. Tangu wazee wawili wa presha waanguke njiani kwa jua hili kali la siku hizi wakija kliniki, alisema basi: wasitembee wao, atatembea yeye. Miezi minane sasa. Mimi kutoka mapokezi hadi chooni nalalamika.

Jumatano, 5 Machi
Leo kanipa siri ya kazi. Usimuulize mtu kama anameza dawa, atakudanganya kwa heshima. Muombe akuonyeshe vidonge vilipo. Vikiwa na vumbi, umeshajibiwa. Huyu mwanamke!

Ijumaa, 7 Machi
Barua ya wilaya. Sera mpya: huduma ya afya iwafuate watu walipo. Safi kabisa! Halafu chini: vituo vyenye mahudhurio duni vitafungwa, wagonjwa waende hospitali kubwa. Chetu kimo. Hospitali kubwa ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, juani! Mkaguzi anakuja Jumanne.

Jumamosi, 8 Machi
Kosa ni langu. Kishikwambi tulicholetewa kuandikia wagonjwa kina vitufe viwili tu: Amefika, Hakufika. Wote aliowaona Mama Raba nyumbani nimewaandika Hakufika — si kweli hawakufika? Hata mama yangu mzazi! Kadiri Mama Raba alivyotembea, ndivyo nilivyomfuta.
Nimekwenda kwake kumwambia. Nilisubiri anifokee. Kaniuliza tu kama tarehe niliziandika sawasawa. Ndiyo, nikasema. Basi vizuri, mdogo wangu, akasema, na mimi ninazo zangu. Akatoa madaftari — kila nyumba, kila kipimo. Nimelia. Kanisogezea chai, kaniambia ninywe kabla haijapoa. Nampenda mno.

Jumanne, 11 Machi
Naandika uani kwa mama, daftari gotini.
Mkaguzi kashuka garini na viatu vya kisigino. Kauliza wagonjwa wako wapi. Mama Raba: wako makwao, mama, twende tukawaone. Gari halipiti vichochoroni, tukatembea. Nyumba ya kwanza kaandika, ya pili kafuta jasho, ya tatu kaacha kuandika. Ya nne ni hapa kwetu. Mama yangu kamkaribisha kigoda, kamwambia yeye ndiye yule ambaye hakufika. Nilitamani ardhi inimeze!
Mkaguzi kacheka, kisha kashika ukuta. Mama Raba kamfunga kipimo mkononi papo hapo. Presha iko juu — juu sana. Kamuuliza taratibu, vidonge vyako viko wapi, mama?
Mkaguzi kapekua mkoba. Karatasi, funguo, karatasi. Mwisho kabisa, pakiti ya vidonge, haijafunguliwa, ina vumbi.
Kasema kliniki hapati nafasi ya kwenda, kazi nyingi.
Mama Raba kampa maji, kamwambia atulie, atampima tena. Kafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika jina la mkaguzi. Sasa mkaguzi ananyoosha mkono, anataka kishikwambi nilichobeba. Anavitazama vile vitufe viwili. Ananiuliza, na yeye nitamwandika wapi.