Mchanga Kwenye Viatu Vidogo

Kwako dada yangu mkubwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na lile goti lako limepoa. Mimi sijambo, ila mgongo umekuwa mbishi: nikiinama unagoma, nikisimama unalalamika. Usicheke. Mdogo wako bado ni mtanashati, ni mifupa tu iliyotangulia kuzeeka.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na wewe unajua mimi na kusoma tulivyoachana darasa la tano. Unasema chekechea yako sasa imejaa madawati, na watoto wa miaka mitatu wanakaa kimya tangu asubuhi hadi mchana wakinakili herufi. Unasema binti wa fundi cherehani, yule aliyekuwa akija anaimba njia nzima, siku hizi akifika getini anatapika, na hasemi na mtu. Baba yake alikuuliza kama ni lazima iwe hivyo. Ukamjibu kwamba ndivyo wanavyofanya ng'ambo, ndugu yako yuko huko na ameona kwa macho yake.

Dada, mimi nimezunguka. Nimekanyaga nchi sita, nimetukanwa kwa lugha nane nikajibu kwa tisa. Lakini maneno hayo yamenichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Ngoja nikueleze shule ya watoto wadogo ninapofanya kazi huku ilivyo. Watoto ni sitini na wawili. Asubuhi wanatoka nje, kuwe na mvua kusiwe na mvua. Wanachimba mchanga, wanagombania ndoo, wanapatana, wanagombana tena. Mchana wanalala. Mwaka wa kwanza nilingoja masomo yaanze mpaka nikachoka kungoja. Nikamwuliza mwalimu mkuu, bibi mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki, darasa linaanza lini. Akanionyesha kibinti kilichokuwa kinahamisha maji kutoka kikombe hadi kikombe, ulimi nje.

"Yule yuko kwenye hesabu," akasema. "Usipite karibu, utamkatiza."

Kalamu, akanieleza, wanashikishwa wakifika miaka saba.

Basi, dada, nitue mzigo. Yale niliyokuandikia, kwamba huku mtoto wa miaka mitatu anasoma gazeti, niliyatunga. Niliona aibu. Mtaa mzima ulinisindikiza, nami niandike kwamba nimevuka dunia kuja kutazama watoto wakicheza matope? Na kile cheo cha mshauri wa elimu nilichojipa, sina. Nafagia. Kila jioni nakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika masikioni, nakung'uta mchanga kwenye viatu vidogo mpaka mikono inakufa ganzi.

Najua ile barua yangu uliwasomea wazazi mkutanoni. Wasomee na hii, yote, usiruke panaponiaibisha. Fundi cherehani mkalishe mbele asikie vizuri. Halafu toeni madawati nje, binti yake umpe maji na vikombe. Asipotaka kusema, usimsemeshe. Kaa naye tu.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu, na mama mdogo ambaye hajawahi kuniamini hata siku moja. Mwambie alikuwa sahihi, lakini asirefushe. Wazazi wakikuuliza kwa nini uliniamini, waambie mimi ni mdogo wako, ungefanyaje.

Ni mimi nduguyo,
Mfagiaji