Jina la Baba kwenye Seva ya Zamani

Hospitali ya Misheni, Bweri,
Musoma, Mara.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa kaka Pastory,

Shikamoo kaka. Najua ukiona bahasha badala ya meseji moyo utakuruka, kwa hiyo nianze kwa kukutuliza: hakuna msiba. Habari za huko Gaborone? Wifi hajambo? Clementi na Robi wanaendeleaje na shule? Mara ya mwisho uliniambia Robi anakohoa usiku, na tangu hapo hukusema tena. Naomba usisahau kunijibu hilo, maana nalifikiria.

Sisi huku ni wazima, lakini si wote. Mama yetu Esther goti linamsumbua, na bado anakwenda shambani kupalilia mihogo akidhani hatumwoni. Mvua za vuli zimechelewa. Butiama imenyesha siku moja ikaacha, na Bunda watu wameshaandaa mashamba ya pamba, wanatazama juu tu. Bibi Wankyo ndiye asiye mzima. Nitakueleza habari zake, nipe nafasi.

Barua hii anakuletea Boniphace, jirani yetu wa Kiabakari, anayekuja huko kikazi. Mpokee vizuri, mpe chakula. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kabla sijafika mwisho, nami ningekasirika, tukaishia kununiana kama kawaida yetu.

Ujumbe wako niliupata. Nimeelewa kwamba ofisi ya uhamiaji ya huko imekurudishia karatasi zako kwa sababu jina la baba yako ni la mwanamke. Nimeelewa pia ombi lako, kwamba niingie kwenye mfumo wa hospitali, kwenye rekodi ya kuzaliwa kwako, nimtoe Wankyo nimweke Lukas, yule mtu wa Bunda aliyetuzaa. Uliandika, "Ni kubonyeza tu, Hyasinta." Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Kabla sijakujibu, nisikilize kwanza habari za kazi yangu, kwa sababu jibu langu limo humo humo.

Seva yetu, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza habari za wagonjwa wote, iko kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magongo na vitanda vibovu. Ni mashine ya zamani. Vidudu vya ziwani vinapovamia mji vinajaa kwenye feni zake, na mimi navitoa kwa brashi ya kupakia rangi. Umeme ukikatika, betri zinashika muda wa sala ya Baba Yetu moja, kisha ni mbio kwenda kuwasha jenereta. Hayo nimeyazoea. Mwaka huu lakini diski ya ndani ilianza kulia, na diski ikilia hivyo ujue inakaribia kufa.

Sikuogopa mwanzoni, maana tulikuwa na nakala ya akiba kwenye diski ndogo, inafungiwa kwenye kabati la mhasibu. Kila asubuhi ilikuwa inawaka taa ya kijani, na sote tukaridhika na taa. Nikasema ngoja nijaribu kurudisha rekodi kutoka humo. Folda zikafunguka, zina majina yake vizuri kabisa, ndani hamna kitu. Nikazifungua tena moja moja kaka, zote tupu. Rejista za karatasi, pamoja na zile za zahanati yetu ya Kiabakari ulikozaliwa, zililiwa na mchwa baada ya sisi kuzichapa kwenye kompyuta. Kwa hiyo watu wote waliowahi kuzaliwa na kutibiwa kwetu walikuwa wamebaki kwenye diski moja inayolia.

Uongozi ukaamua tuhamie kwenye wingu. Usifikiri ni jambo la angani. Ni mashine za watu wengine, ziko Dar es Salaam, unapanga nafasi humo kama mtu anavyopanga chumba. Nilipomweleza bibi aliniuliza, "Na huko nani analala nazo?" Kampuni iliyotuuzia mfumo mpya ikamtuma fundi wao kutoka Mwanza, anaitwa Gabriel, kijana mpole, anafunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye jua kali. Intaneti yetu ilikuwa inasukuma mafaili kwa kusuasua. Wenzetu wa zahanati ya Bunda wakituma picha za eksirei, huku kila kitu kinasimama. Lakini hatimaye Gabriel akaleta ripoti kwamba kazi imekwisha, rekodi zimehama. Tukapeana mikono.

Baada ya hapo akaja mama mmoja wa Bugwema, anaitwa Rhobi, karibu jina moja na Robi wako, amembeba mtoto wake mwenye selimundu, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Muuguzi wa mapokezi akatafuta kwenye mfumo mpya, akamwambia mtoto hayupo. Rhobi akapandisha sauti mpaka nikamsikia ofisini: "Hayupo namna gani na mimi nimemshika hapa? Tunakujaga hapa kila mwezi!"

Seva ya zamani ilikuwa bado haijazimwa. Nikakimbia kule stoo, na mtoto yumo: kundi la damu, dawa anazotumia, dawa iliyomdhuru mwaka jana, vyote vimeandikwa. Akatibiwa, akatulia. Mimi ndiye sikutulia. Nikaifungua tena ripoti ya Gabriel, na chini kabisa nikakuta faili la rekodi zilizokataliwa. Zilikuwa nyingi. Nikaanza kuzisoma moja moja kutafuta zinafanana wapi, na haikunichukua muda. Jina la baba: Bhoke. Jina la baba: Wankyo. Mfumo mpya una sheria kwamba baba lazima awe mwanamume. Kila aliyeandikwa vingine ulimtupa pembeni kimya kimya. Mimi nilikuwa humo kaka, na wewe ulikuwa humo.

Gabriel nilipomwonyesha alishangaa kweli. Akaniuliza, "Samahani dada, mwanamke anakuwaje baba?" Ilibidi nivute kiti. Nikamweleza nyumba ntobhu, kwamba huku kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa ni wake, wa mji wake, na wanabeba jina lake. Mwanamume aliyewazaa hana dai. Nikamwambia mimi ni mmoja wao. Bibi yangu Wankyo ndiye aliyemwoa mama yangu Esther. Gabriel akasema kwamba waliotengeneza mfumo hawajawahi kusikia kitu hicho, na kubadilisha sheria kunahitaji ruhusa ya wakubwa wake. Akashauri, "Kwa sasa tuweke 'Haijulikani' kwenye jina la baba, zitapita zote leo leo."

Kaka, sikumlaumu. Diski ilikuwa inalia, na Dokta Hilda, mganga mkuu wetu, naye alikuwa na haki ya kuogopa. Aliniambia, "Hyasinta, bora mgonjwa aonekane bila baba kuliko asionekane kabisa." Ni maneno ya daktari, siwezi kuyapinga. Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi, najua "kwa sasa" ya kwenye kompyuta. Hakuna atakayerudi kuirekebisha. Nikamwomba anipe muda. Rekodi zilizokataliwa nikazinakili kwenye diski mbili tofauti, na safari hii nikajaribu kuzirudisha kwenye kompyuta nyingine mpaka nikaziona kwa macho. Seva ya zamani nikaiwekea feni ya mezani iipulize. Mgonjwa yeyote asiyeonekana, muuguzi ananiita mimi, nakimbia stoo.

Ni wakati huo huo bibi alipoletwa wodini, miguu imevimba, hawezi kulala chali. Moyo umetanuka. Nilipompelekea chakula nilimsimulia yote, na lile neno "Haijulikani" nikalisema. Akasukuma sahani pembeni.

"Nani hajulikani? Mimi?" akasema. "Nilitoa ng'ombe mchana, watu wanaona. Nilikuwaga naamka na nyie usiku, mama yenu amechoka. Huyo kijana aje hapa anione."

Gabriel akaenda kweli. Alimwamkia, akasimama pale miguuni pa kitanda hajui mikono aiweke wapi. Bibi akamuuliza kwao ni wapi, na baba yake anaitwa nani, akamjibu. Basi, ni hayo tu, akarudi kazini. Sijui kama ni hilo, au ni simu ambazo Dokta Hilda aliipigia kampuni, lakini Gabriel aliwaandikia wakubwa wake, wakabishana naye, akawaandikia tena, na mwisho ile sheria ikaondolewa. Rekodi zote zikavuka kama zilivyo. Mtoto wa Rhobi yumo, na baba yake ni bibi yake, na hakuna anayeuliza.

Zote, isipokuwa moja. Ya kwako nimeizuia.

Nimeizuia kwa sababu uliniomba niibadilishe, na wewe ni kaka yangu, ni mtu mzima, sikutaka kukuvusha kwa jina ambalo umeniambia hulitaki. Lakini Lukas sitamwandika. Si kwa hasira. Kama ningeandika uongo kwenye rekodi yako, basi huyo Gabriel ningemzuia kwa uso gani? Na Lukas mwenyewe, Mungu amrehemu, tulimwona mara moja tu, na hata jina langu alilikosea.

Najua unaona haya, na haya yako hayakuanzia uhamiaji. Nakumbuka mkutano wa wazazi pale shuleni, bibi alipokwenda kukaa kwenye benchi la wanaume. Mwalimu akamwonyesha upande wa akina mama, naye akasema, "Mimi ndiyo baba yake huyu." Darasa zima lilicheka. Wewe ulitazama chini mpaka mkutano ukaisha, na njiani ulitembea mbele peke yako. Nilikuwa mdogo lakini niliona. Nilikuhurumia sana siku ile, na bado nakuhurumia. Ila nilimwona bibi pia. Alikuwa amevaa viatu, kaka. Unajua alivyokuwa havai viatu.

Sikuachi hivi hivi. Nimeshaongea na Dokta Hilda, atakuandikia barua ya hospitali inayoeleza nyumba ntobhu ni nini na kwamba rekodi yako haina kosa. Mama Esther yuko tayari kula kiapo kwa wakili hapa Musoma, na wazee wawili wa ukoo watamsindikiza. Watu wa hapa wamepeleka karatasi za namna hiyo sehemu nyingine na zikakubaliwa. Itachukua muda, itakuchosha, lakini watoto wako watakuwa na babu wa kweli, ndiye Wankyo, kwenye karatasi zao.

Seva ya zamani itafutwa na kuzimwa mwisho wa mwezi huu. Dokta Hilda amenivumilia mpaka hapo, hawezi zaidi, na diski yenyewe inaweza kututangulia. Nakala yako ninayo, hutapotea. Ila kwenye mfumo wa hospitali, ukiuliza leo kama Pastory aliwahi kuzaliwa Kiabakari, utaambiwa hayupo. Nasubiri neno lako moja tu, "pitisha."

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na Clementi mwambie shangazi yake amemwekea ile redio ya mbao aliyoipenda. Mama Esther anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Hilo anasemaga kila mara, usimjali. Majirani wote wa Kiabakari wanakuulizia, na wanauliza kama Krismasi utakuja.

Bibi hakunipa salamu za kukuletea. Jana mchana nilipompelekea uji aliniuliza kama watu wote wameshavuka. Nikamwambia wote, bibi. Akauliza, "Na Pastory?" Nikamwambia ndiyo, Pastory naye amevuka. Akafumba macho, akalala. Sijawahi kumdanganya bibi maishani mwangu, kaka, na nimemdanganya akiwa kitandani hajiwezi. Ni wewe tu unayeweza kuufanya uongo ule uwe kweli, na daktari ameniambia tusihesabu miezi.

Mungu awalinde nyumba nzima, awaondolee kikohozi na mashaka, na akulete nyumbani salama tukiwa bado wote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,

Hyasinta Wankyo