Shangazi wa Tunduni

Al Garhoud, Dubai
Ijumaa, 8 Machi 2024

Mdogo wangu Edna,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Hamjambo hapo Sikonge? Mguu wa baba unaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa dawa za kusafishia.

Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu ya Madam Rawan, bosi wangu. Ananipa Ijumaa, saa moja tu, halafu khalas, anaichukua.

Nikuchekeshe kidogo. Sir, mume wa madam, kila mwaka huenda Amerika kuwinda bata mzinga wa porini. Usicheke, wapo, na wanaruka! Kule sasa baridi inakwisha na madume yanatafuta majike. Basi sir ana kijisanduku cha mbao chenye kifuniko. Akisugua kifuniko, kinalia kama jike. Jioni nzima anasugua sebuleni, mimi napiga pasi, na Asila wa jikoni ameziba masikio kwa pamba.

Nilimwambia nasi kwetu tunawaita kwale kwa sauti ili tuwanase. Weee! Alifurahi akanieleza yote. Unakaa chini umeegemea mti mpana kuliko mabega yako, ili anayetoka nyuma asikudhanie ndege. Huvai chekundu, cheupe wala buluu, maana kichwa cha dume kina rangi hizo hizo. Ukimwona mwindaji mwingine usipunge mkono, sema kwa sauti. Na ukisikia jike analia, usimnyatie hata siku moja. Huenda ni mtu na kisanduku chake.

Mkataba wangu uliisha mwezi wa pili. Madam anasema nivumilie hadi Ramadhani ipite, halafu inshallah. Pasipoti yangu iko ofisini kwa wakala.

Dada yako,
Redempta


Sikonge, Tabora
17 Machi 2024

Shikamoo dada,

Sisi wazima. Baba anachechemea na kugomba, kwa hiyo mzima kabisa. Mama anasema unenepe, nami namwambia utanenepaje huko.

Bata mzinga! Nimemsomea baba, amecheka mpaka kikohozi. Halafu akasema huyo mzungu wako, sijui Mwarabu wako, anajua kazi. Unamkumbuka Kasanda? Alikuwa anaita kwale kwa mdomo vizuri mno, mpaka jirani akamfyatulia marisau ya bega kichakani. Tangu siku hiyo baba hapigi risasi kwa kusikia sauti tu. Anapiga alichokiona, kuanzia mdomo mpaka mkia.

Siku hizi porini naenda mimi. Kibali kina jina la baba, gobore nabeba mimi, na wanaume wa hapa wananiona kituko, shauri yao. Shangazi bado yupo. Ndiye yule kwale jike wetu wa kuitia, amezeeka lakini sauti haijazeeka. Alfajiri naweka tundu lake chini, nalizungushia vitanzi, natulia nimeegemea mninga. Anaita, wenzake wanakuja kumtazama, wananaswa. Ananitia huruma, dada. Anakula vizuri kuliko kuku wote wa hapa, lakini hatoki. Na baba anasema Shangazi akiacha kuita, basi ni supu.

Ramadhani ikiisha unarudi, au wanakuzungusha? Niambie ukweli. Mimi shule nimemaliza, nimekaa tu. Ningekuwa huko tungesaidiana.

Mdogo wako,
Edna


Al Garhoud
Ijumaa, 26 Aprili 2024

Edna mpenzi,

Natumai mko salama na mvua imewaachia barabara. Mimi sijambo, ila moyo sio.

Sikukuu imepita. Nilimwomba madam pasipoti, akanipeleka ofisini kwa wakala, kule Al Muraqqabat. Kuna mama mmoja Mkenya, Virginia, ndiye anayesema nasi Kiswahili. Akaniambia bila kupepesa macho: mlete mtu wa kushika nafasi yako, ndipo utakwenda. Akauliza kama nina mdogo wa kike. Nimesema sina, mimi ni wa mwisho. Nimekukana, Edna. Mungu anisamehe, na usiniandikie tena kama mdogo wangu kwenye simu hii.

Ndege za uwanjani zinapita juu ya paa letu mchana kutwa, mpaka glasi zinatetemeka kabatini. Siku nyingine nikianika nguo nalia kwa hasira. Mlango wa nje una ufunguo, na ufunguo uko kwenye pochi ya madam. Hata kutupa taka naomba ruhusa.

Sir karudi mikono mitupu, amenuna. Anasema lipo dume moja zee lilimjibu asubuhi nzima. Akiita, linajibu. Akiita, linajibu. Lakini lilisimama pale pale mbali, halikusogea hatua. Kwa kawaida yao jike ndiye humfuata dume, kwa hiyo dume lenye akili husubiri jike atoke kwanza. Jike asipoonekana, haliji ng'o.

Waombeni Mungu.
Redempta


Al Muraqqabat, Dubai
Ijumaa, 31 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa Edna,

Salamu nyingi kutoka Dubai. Natumai u mzima wa afya. Mimi ni mzima na ninafurahia kazi.

Leo ninaandika nikiwa ofisini. Dada Virginia amekaa kando yangu, ananisaidia kuchagua maneno mazuri. Madam Rawan alikuta picha ya ukurasa wa mwisho tu wa barua yako uliobaki kwenye simu yake, Virginia akamfasiria, wakafurahi sana kujua ninaye mdogo aliyemaliza shule.

Edna, huku ni kuzuri. Chumba kina kiyoyozi. Chakula ni kingi. Madam ni kama mama. Nafasi ipo, na karatasi zote ofisi itashughulikia. Wewe lete pasipoti na mwili wako tu. Ukifika, mimi nitapumzika nyumbani. Usichelewe, wasichana wengine wanaitaka nafasi hii.

Msalimie baba, msalimie mama. Msalimie sana na Shangazi. Mwambie siku hizi nafanya kazi ile ile yake, na sijambo, nakula vizuri.

Dada yako akupendaye,
Redempta


Sikonge
9 Juni 2024

Shikamoo dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, Shangazi hajambo, salamu zako nimemfikishia na amezielewa neno kwa neno. Nililia kidogo, unajua mimi nalia kwa furaha.

Nakuja! Tena naona siku haziendi. Pasipoti nimeshapiga picha yake. Mama ananishonea gauni. Dada Virginia, kama unasoma, Mungu akubariki.

Kuna jambo moja dogo, na dada unalijua vizuri. Mila. Kwetu binti haondoki nyumbani kwenda kazi ya mbali mpaka aliyemtangulia aje mwenyewe, amshike mkono, wavuke pamoja kizingiti cha mama. Baba hataki kusikia habari nyingine. Amesema bila hivyo atanilaani, na nikifika huko nimelaaniwa nitakuwa navunja vyombo tu. Nimelia, nimepiga magoti, wapi!

Basi njoo unichukue. Wiki mbili zinatosha. Mimi niko tayari, begi liko mlangoni. Mwambie na sir kuwa lile dume lake la Amerika nimelielewa sana.

Mdogo wako,
Edna


Al Garhoud
Ijumaa, 5 Julai 2024

Edna,

Natumai mko wazima. Madam alikataa. Mwezi mzima amekataa, nami kila Ijumaa naandikishwa nikuite, nawe unajibu nakuja, nakuja, mila. Juzi amechoka, amekubali nije kukuchukua. Msichana mpya anamtaka kabla ya shule kufunguliwa.

Ile mila ya kizingiti nimemthibitishia Virginia. Amesema hata kwao zamani ilikuwepo.

Nasafiri tarehe kumi na mbili. Pasipoti nitapewa uwanjani. Simu inabaki kwa madam, kwa hiyo usiandike kitu mpaka unione. Asila amenikumbatia jikoni, akaninong'oneza jina la mdogo wake na kijiji chao, akarudi kwenye masufuria yake.

Andaa begi lako. Nakuja kukushika mkono.

Dada yako,
Redempta


Sikonge
4 Agosti 2024

Dada Virginia,

Salamu. Natumai wewe na madam hamjambo. Sisi wazima, mvua hakuna, karanga zimekubali.

Barua zako nne nimezipata. Unauliza tumekwama wapi na tiketi zinaisha. Dada yangu, hatujakwama popote. Hatuji. Mila ile niliitunga mwenyewe nikiwa chini ya mninga nasubiri kwale, na baba ndiyo kwanza nimemweleza wiki iliyopita. Amefurahi kujua kwamba ana laana kali namna hiyo.

Naandika ili usipoteze muda kwa Asila. Huyo mdogo wake mnayemwita sasa, Mwanatumu, tumeshafika kwao Handeni, mimi na Redempta, kwa basi. Tumekaa mkekani na mama yake tukamweleza yote. Hatakuja. Naye akikujibu kwamba anakuja, basi ujue mwenyewe maana yake. Mkimgusa Asila kwa hili, jina lako na la ofisi yako tunayo, na serikali ya kijiji imeshaandikiwa. Ni mama mtu mzima wewe, unawaitia wenzako watoto wa watu! Huoni hata haya?

Shangazi nimemstaafisha. Anatembea uani na kuku, na baba amekubali kula dagaa.

Dada yangu hajambo. Analala sana. Mama huwa hamwamshi. Jana alfajiri nilitoka na gobore langu, nikamkuta amesimama ndani ya mlango wa nyumba yetu, mlango uko wazi, ameshika ndoo ya taka. Nikamwamkia. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kutoka.

Mimi mdogo wake,
Edna