Buluu Iliyofichwa na Fremu

Maarit,

Hukuwa na haki ya kuniambia jana kwamba namuua bibi yako mara ya pili kwa kuitundika picha ya bahari aliyoichora mkabala na dirisha, jua liipaushe. Picha ni ya kutazamwa. Supu iko jikoni, mwachie baba yako.

Leo asubuhi nimefungua fremu nifute kioo. Ukingoni, ambako jua halikufika, bahari ni ya buluu nzito hata nimekaa kitako sakafuni. Miaka thelathini naiona kijivu, nikidhani ndivyo mama yangu alivyoichora.

~~Usiiweke mtandaoni.~~ Nawa mikono, ikauke, upige picha ukingo ule bila flashi, uiweke kwenye ukurasa wako wa mtandaoni wa wachoraji wa Estonia.

Msumari nimeshaung'oa. Bahari imelala droo ya chini, imefunikwa karatasi safi.

Mama