Kabla Hajawa Mama Padre

Kiberege,
Jumapili jioni, mwezi wa tano.

Kwa mdogo wangu Anselim,

Tumsifu Yesu Kristo. Hiyo ni salamu ya kanzu yako, na nimeitanguliza kwa sababu shemeji yako Leticia amekaa hapa karibu anachagua mchele, na angenisuta kama nisingeiandika. Ya kwangu mimi ni hii: hujambo, mdogo wangu? Kile kifua kimepona? Baridi ya huko Makete tunaisikia kwa wanaokuja kununua mchele, wanasema mtu anaoga huku analia. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, marahaba. Najua huko wazee wenye mvi wanakuamkia wewe, lakini kwangu bado wewe ndiye unayetangulia.

Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mama, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Utashangaa mtu kuandika barua siku hizi wakati simu zipo. Simu yangu ikipaza sauti inasikika hadi kwa jirani, na mama analala nyuma ya ukuta huu. Miguu imeugua, masikio hayajaugua. Nilijaribu ujumbe, ukawa mrefu, nikaufuta. Basi namkabidhi Remigius, anayepeleka mchele Njombe kwa lori, atakufikishia barua hii pamoja na kiroba cha mchele wa msimu uliopita. Wa mwaka huu bado uko shambani, tunagombania na ndege.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, mama anaendeleaje. La pili, kama uje mkesha wa Pentekoste kumsomea Misa hapa nyumbani na kumpaka mafuta ya wagonjwa. La kwanza nakujibu: hali si nzuri. Miguu imevimba, pumzi fupi. Madaktari wa Ifakara walisema moyo umechoka, wakampa vidonge, wakaniambia nimrudishe nyumbani ale anachokitaka. Wewe umekaa na wagonjwa wengi, unajua daktari akisema hivyo ana maana gani. La pili nivumilie kidogo, nitalifikia.

Jumuiya ya Mtakatifu Monika tayari wako mbioni. Wamenunua kitenge cha sare, rangi ya samli, na fundi ameshapima wanawake wote hadi wale ambao hatuwaoni kwenye rozari. Leticia ndiye mwenyekiti, kwa hiyo usingizi hana. Kiberege nzima inajua kwamba Mama Padre atapakwa mafuta na mwanae mwenyewe. Sokoni muuza nyanya aliniambia nina bahati kuwa kwenye familia ile, kana kwamba mimi ni mpangaji.

Nitasema, Anselim, maana nimelibeba muda mrefu. Mwanamke kwetu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama alikuwa Mama Dionisi tangu nilipozaliwa. Baba alimwita hivyo mpaka anakufa. Halafu siku ya upadrisho wako, baada ya mama kupiga magoti umpe baraka, mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba kuanzia leo mama huyu anaitwa Mama Padre. Vigelegele vikapigwa. Mama Dionisi akafa pale pale uwanjani na hakuna aliyemzika. Mimi nilikuwa nyuma, nasimamia masufuria ya pilau.

Na kuna suala la firigisi. Utacheka, cheka tu. Kuku akichinjwa kwetu, firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Baba alipofariki ikawa yangu kwa haki. Lakini kila ulipokuja likizo kutoka seminari mama aliitoa kwenye sufuria kwa mkono wake na kuiweka kwenye sahani yako, na mimi niliyelima mpunga na kumfuga huyo kuku nikapewa paja. Paja lina nyama nyingi, najua. Sikuwa nataka nyama.

Watu wanasema nimepoa kidini kwa sababu ya uvivu. Naenda Krismasi na Pasaka, nasimama karibu na mlango. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwonea Mungu wivu, kwa sababu niliona amenichukulia mama kupitia kwako. Mtu hamwonei wivu asiyekuwepo, kwa hiyo labda niliamini kuliko nilivyodhani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wiki mbili zilizopita jirani yetu Mabula, yule Msukuma mwenye ng'ombe, alileta maziwa asubuhi kama kawaida yake akamwamkia mama shikamoo Mama Padre. Mama akaitikia, halafu akamwambia kwamba yeye ni Mama Dionisi, na kwamba Padre alikuja wa tatu. Mabula akanitazama mimi. Leticia akadhani homa imepanda kichwani akaenda kutafuta kipimajoto. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta jembe, maana machozi yalinijia, na sikutaka Msukuma anione.

Siku ile ile mama akasema anataka kwenda shambani. Leticia alikataa kabisa, mimi nikasita, lakini daktari si alisema apewe anachokitaka? Mabula akafunga mkokoteni wake wa ng'ombe, tukatandika godoro, tukampeleka polepole. Nilimkalisha kivulini chini ya dungu, mimi nikapanda juu kuamia ndege. Mpunga uko kwenye maziwa, punje bado laini, na kweleakwelea wa mwaka huu hawana adabu. Nikawa natupa mabonge ya udongo kwa kombeo na kupiga kelele. Nikinyamaza, mama anaongea. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kwa sababu hakuniona uso.

Alianza na Herieth. Wewe hukumjua dada yetu, ulikuwa tumboni. Alipatwa na degedege akiwa na miaka sita, na Jumapili ile mama alimwacha hospitali na baba akaja kanisani, akaenda mbele ya altare, akaweka nadhiri mbele ya watu wote: Herieth akipona, mtoto aliye tumboni atakuwa wa Mungu. Mimi nilikuwepo, kijana wa miaka kumi na miwili, nimesimama kwenye benchi la watoto. Jambo hili unalijua, limesimuliwa kila sherehe yako. Usilolijua ni kwamba Herieth alikuwa ameshakata roho mama alipokuwa bado amepiga magoti.

Kwenye sherehe husema tu kwamba mama alikutoa kwa Mungu wakati wa msiba. Hawasemi kwamba Mungu hakutimiza upande wake. Mama alisema alitaka kuifuta nadhiri, lakini watu wote walikuwa wameisikia, na wakamfariji kwa kumwambia asije akarudi nyuma. Zaidi ya hapo aliogopa. Alijiuliza kama Mungu yupo na amemchukua huyu, atashindwa nini kumchukua na wa pili? Kwa hiyo akakutoa, kwa woga, kwa mtu ambaye hakuwa na uhakika naye tena.

Nikamwuliza kutoka juu kama ana maana kwamba haamini. Akasema hajui. Alisema kwake kusali ni kama kupiga hodi kwenye nyumba iliyofungwa. Unapiga hodi, unasubiri, unapiga tena. Huwezi kusema hamna mtu, pengine wamelala, pengine wako uani. Wala huwezi kusema wamo. Alisema amepiga hodi tangu Herieth azikwe, rozari baada ya rozari, na hajawahi kusikia karibu. Wakati mwingine alitaka kumwuliza mwenzake kama naye hasikii, lakini utamwulizaje ukiwa Mama Padre, umewekewa kiti cha mbele?

Anselim, mimi nilisahau ndege. Walishuka robo ya shamba na sikutupa hata bonge moja.

Nilikuwa na swali langu la miaka mingi, na nikaona nisipouliza siku ile nitazeeka nalo. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakunitoa mimi. Nilikuwa pale, mzima, naweza kusoma, napenda kupiga kengele. Kwa nini alimpa Mungu mtoto asiyezaliwa na mimi hakunitaja? Akaniambia kwamba mimi alikuwa ameshaniona. Alisema hakuna mama anayeweza kumtoa mtoto ambaye ameshamwona, kwa hiyo alimtoa ambaye hakumjua uso.

Nakuandikia hili kwa sababu ni kweli, na sitakuficha kwamba nilipolisikia nilifurahi. Nilifurahi vibaya. Nilishuka kwenye dungu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikamkuta mama analia, na hakuwa ananililia mimi. Alisema ulipozaliwa alikutazama, akaona una masikio ya baba, akajua amefanya makosa, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tangu siku hiyo hakuthubutu kukushika kama wake. Alikulea kama mtu anavyotunza amana ya mtu mwingine. Ndiyo maana hukuwahi kuchapwa. Ndiyo maana ya firigisi, mdogo wangu: mgeni ndiye anayewekewa kipande cha heshima. Mimi nilikula paja miaka yote nikidhani nimenyimwa, kumbe nilikuwa nakula kama mtu wa nyumbani.

Sasa nimefika kwenye swali lako la pili. Tukiwa njiani kurudi, mama alinishika mkono akanipa agizo. Alisema niandike kwamba usije. Nikuambie mvua zimekata barabara, yeye ana nafuu, uje baada ya mavuno. Alisema ukija utavaa stola, utasimama mbele ya kina mama wa sare, utamsomea sala na yeye ataitikia amina. Amezoea kuitikia amina kwa mapadre wengine, hao si watoto wake. Wewe hawezi kukudanganya usoni. Afadhali afe hajakuona. Na akanikataza kabisa kukueleza sababu, maana anaogopa ukijua ulivyotolewa, utauliza maisha yako yote yalikuwa ya nini.

Hapo ndipo ninapokiri. Nilikubali haraka mno. Nilimwambia mama atulie, nitaandika hivyo hivyo. Nilijiona mimi peke yangu nimeshika mkono wake siku ya mwisho, mimi peke yangu nalijua neno lake, na wewe unakuja umechelewa na mafuta yako kwenye kichupa. Siku tatu nilitembea na furaha hiyo. Mama amekuwa akiniita mwanangu, Leticia anashangaa. Lakini usiku akisinzia anataja jina lako, Anselim tu, bila Padre, jina ambalo hajalitamka mbele za watu tangu siku ya pilau. Nimelala nikilisikia kupitia ukuta huu, na wivu wangu ukakosa pa kukaa.

Barabara haijakatika. Inapitika mpaka Ifakara, na basi la asubuhi linajaa kama kawaida. Mama hana nafuu. Nimevunja agizo lake, na dhambi hiyo, kama dhambi zipo, ni yangu.

Uje kabla ya Pentekoste, uje kesho ukiweza. Acha kanzu, acha mafuta. Kina mama wa sare nitapambana nao mimi na Leticia, watavaa kitenge chao siku nyingine. Kuhusu maisha yako yalikuwa ya nini, mimi sina jibu, na usimwulize mama. Mimi nakuona unazika watu na kuwapatanisha wenye mashamba, na hayo hata mtu wa mlangoni kama mimi anayaona. Kaa naye tu kitandani, mshike miguu. Jogoo nitamchinja mwenyewe, na firigisi safari hii ni yangu, usibishane. Ukikaa siku ya tatu kuna kombeo na ndege wanakusubiri.

Leticia anakusalimu sana. Hajui nilichoandika, anadhani nauliza rangi ya maua ya altare. Mabula anakusalimu pia, anasema maziwa yako yapo.

Usipitie mlango wa mbele wanakopita wageni wa Mama Padre. Zunguka uani, upige hodi. Sisi tumo.

Ni mimi kaka yako,
Dionisi