Breki ya Gemu la Joviana

Jumatatu, 9 Juni 2025
Binti yangu Joviana kaja kutoka Rwamishenye na gemu la magari la dukani kwake. Usukani, pedali, skrini. Funguo za pikapu kazificha tangu nilipovamia migomba. Mitatu tu! Kasema, "Tata, simama kwenye mstari mwekundu mara kumi bila kupitiliza, Jumamosi nakurudishia funguo. Ukishindwa, pikapu inauzwa." Miaka thelathini na moja nimeendesha lori la kahawa — leo nafanyishwa mtihani na televisheni.
Nimejaribu mara kumi. Nimepitiliza tisa.

Jumanne, 10 Juni
Kosa nimelijua. Breki! Laini kama ndizi mbivu. Breki ya lori inakujibu mguuni. Hii kimya. Nimefungua: springi kama ya kalamu. Nimeitoa, nimepachika vipande vya raba ya tairi.
Bado kimya. Nimeongeza raba. Kimya.

Alhamisi, 12 Juni
Muleba, kwa Nathanieli, fundi breki wa malori. Pedali ndani ya mfuko wa shangazi kaja, utadhani nahamia kwa mke mpya. Nathanieli kaikanyaga, kacheka. Eti kwa raba nilizoshindilia, hii ni ngumu kuliko ya lori. Nikakanyaga mimi — sufi! Nikamwambia una mguu wa kuku. Akaacha kucheka.
"Mzee, ndara yako ya kulia iko wapi?"
Nikatazama. Soksi tupu, vumbi tele. Ndara tuliikuta kule stendi, katikati ya njia. Nimetembea robo saa bila kujua.
Nikasema nimeitega makusudi, mjane atakayeiokota ni wangu. Hakucheka.

Ijumaa, 13 Juni
Mvua. Sikucheza. Nimebonyeza wayo kwa kalamu hii, juu ya soksi. Kimya.

Jumamosi, 14 Juni
Joviana kafika asubuhi. Mara sita nimesimama sawasawa! Siri ni macho: nautazama mguu, nikiuona uko kwenye breki, nakandamiza. Ya saba kaniambia, "Tata, barabara iko mbele. Chini unatafuta nini?" Nikasema nahesabu vidole, kimoja kisitoroke. Kazima skrini. Kasema nivue soksi. Nikamwambia binti hamwamrishi baba yake kuvua nguo. Kaenda jikoni kuchukua maji ya vuguvugu.
Soksi nimeivuta mwenyewe. Imegandia kwenye wayo, haitoki. Nimevuta kwa nguvu — haiumi. Inalowa damu. Namsikia anakuja na beseni —