Wimbo wa Nne Unakwama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana hili siwezi kumwambia mtu ana kwa ana. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, sasa nafanya kazi kwa Mama Ummy hapa Msasani, Tukuyu, tunanakili sidii na dividii, kuna mashine inameza diski saba kwa mpigo na kuzirudisha zote zikiwa na nyimbo, mpaka leo nikiitazama nabaki nimeduwaa. Mama Ummy amesafiri, akaniachia dividii mia mbili za kwaya moja ya kanisa kule Masoko, anaimba humo marehemu Tupokigwe, ndiyo rekodi yake ya mwisho, na Jumapili zinazinduliwa. Umeme ulikuwa unakatika kila mara, nikaweka kasi ya juu kabisa, na kila diski nikaipima wimbo wa kwanza tu. Mwalimu wa kwaya, Mzee Ambindwile, alipozifuata nikamwambia bado hazijabandikwa stempu za kodi, akacheka, "Binti yangu, hizi ni za Mungu. Mungu naye mnamtoza kodi?" Nikaona aibu kubishana na mtu mzima, nikampa karibu zote. Jana nikacheza moja iliyobaki hadi mwisho. Kwenye wimbo wa nne Tupokigwe anapanda juu peke yake, mshauri, sijawahi kusikia sauti kama ile, mwili ulinisisimka, halafu ikakwama pale pale. Nimejaribu nyingine tano, zote hivyo hivyo. Mama yake Tupokigwe atakaa mbele Jumapili hiyo. Ninyamaze?

Winfrida, Tukuyu

Winfrida, usinyamaze. Aibu yako naielewa, lakini ndiyo iliyokufikisha hapa. Ulijua stempu hazipo, ukazitoa. Nani asamehewe kodi inaamuliwa na ofisi ya mapato, si mwalimu wa kwaya, na diski zikikamatwa mlangoni mwa kanisa, atakayeulizwa ni Mama Ummy. Mpigie leo, umwambie yote, na suala la stempu alimalize yeye kabla hata diski moja haijauzwa. Kisha nenda Masoko. Sema tu, "Shikamoo mzee, zile diski nilizikosea, naomba unirudishie." Atafoka, mwache afoke. Nakili upya kwa kasi ndogo, na kila diski uisikilize mwanzo, katikati na mwisho. Zikipatikana hamsini nzuri kufikia Jumapili, zizinduliwe hizo hamsini.

Wewe uliisikia sauti ya Tupokigwe mpaka ilipokatika. Mama yake aisikie mpaka imalizike.